Ulimi wa Kukodi

J.N., barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili polepole. Nyingi zinazonifikia huandikwa na mtu anayetaka kuambiwa hana kosa. Wewe umeanza kwa kujishtaki mwenyewe, na aliyekwisha kujishtaki huwa rahisi kushauriwa.

Ulichoniandikia

Niwaeleze wasomaji wengine. J.N. ni kijana wa Nakuru, MC wa harusi na ruracio (sherehe za mahari), na siku za kazi ana kibanda cha kutengeneza simu. Uchaguzi wa Agosti 2027 bado, lakini misafara ya wanaoutaka urais imekwisha kuzunguka, naye akachukuliwa achangamshe umati kabla mkubwa hajafika. Shilingi 15,000 kwa mkutano, kwenye bahasha, siku hiyo hiyo. Mkutano wa kwanza ulikwenda kwa nyimbo na vichekesho. Wa pili, mratibu akamnong'oneza: "Leo wapige wale kidogo." Wale ni kabila la mpinzani. J.N. akautoa ule mzaha wa zamani wa kisu cha ngariba, watu wakacheka hadi wakashikana mabega.

Jumatatu asubuhi, fundi viatu wa kibanda cha jirani, ambaye kwa miaka sita humimina chai kutoka chupa yake akamgawia J.N. nusu, hakuitikia salamu. Mkutano mwingine ni Jumamosi. Karo ya mtoto haijatimia, na mratibu anataka "moto zaidi". J.N. anauliza: aendelee, aache, au apunguze makali?

Kitenzi kilicho mfukoni

Najua unachotaka kuniambia: Bibi, ule ulikuwa utani tu. Sina ugomvi na utani. Jukwaa lisilo na utani ni matanga. Lakini utani wa wazee ulikuwa na sharti: anayetaniwa awepo, na awe na nafasi ya kukurudishia. Wewe ulikuwa juu ya lori na maiki na spika nne. Fundi viatu ana sindano na gundi. Angekujibu wapi?

Na mzaha ule una historia. Kampeni za 2007 zilikuwa nao tele: kwamba mtu asiyetahiriwa ni mvulana, na mvulana hakabidhiwi nchi. Watu walicheka kama walivyocheka kwenye mkutano wako. Kura zikapigwa tarehe 27 Desemba, matokeo yakatangazwa tarehe 30. Mwishoni mwa Januari 2008, huko huko kwenu Nakuru na pale Naivasha, wanaume wa Kijaluo walikamatwa na kutahiriwa kwa nguvu, kwa panga na chupa zilizovunjwa. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia zile, iliyaandika hayo. Kisu ulichokichekesha, mjukuu wangu, kuna watu wanaokikumbuka mwilini.

Usidhani nauona upande mmoja. Kwenye kampeni hizo hizo wengine walihubiriwa hesabu ya "41 dhidi ya moja", yaani makabila mengine yote ya nchi dhidi ya Wakikuyu. Katika Bonde la Ufa majirani waliitwa kwekwe, wakaitwa madoadoa. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Hadi mapatano yaliyosimamiwa na Kofi Annan yalipotiwa saini tarehe 28 Februari, waliokufa walikuwa zaidi ya 1,100, na waliohama makwao walihesabiwa kwa malaki.

Yatazame maneno yenyewe. Kwekwe hufanywa nini? Hung'olewa. Doa hufanywa nini? Hufutwa. Mvulana aliyechelewa hupelekwa jandoni. Kila jina la namna hiyo huja na kitenzi chake mfukoni. Mwenye maiki hutaja jina tu, akashuka jukwaani mikono yake safi, kisha mwingine, usiku, akakitoa kile kitenzi.

Sisi wa Likoni

Nami si malaika wa kukuhubiria. Nilifundisha Likoni, na mwaka 1997 nilikuwa mtu mzima mwenye akili zangu. Pwani tulikuwa na neno letu: wabara. Tulilitumia sokoni na kwenye foleni ya feri, bila ubaya, au ndivyo tulivyojiambia. Uchaguzi ulikuwa Desemba. Kadiri miezi ilivyosogea, neno likaota mkia: wabara warudi kwao. Usiku wa tarehe 13 Agosti kituo cha polisi cha Likoni kikavamiwa, askari wakauawa, bunduki zikachukuliwa. Vikaratasi vya kuwaamuru watu wa bara waondoke vikasambazwa. Wiki chache baadaye waliokufa walikuwa wamepita mia moja, na waliokimbia walikadiriwa kuwa 100,000.

Jirani yangu alikuwa mshonaji kutoka Kitui. Sare za binti yangu alizishona yeye, na kila mara aliacha upindo mpana, akisema mtoto huyu anarefuka. Alfajiri moja alinigongea, cherehani yake iko juu ya mkokoteni. "Niwekee, nitatuma mtu." Sindanoni mlikuwa na uzi wa buluu, wa sketi ya shule iliyofika nusu. Hakutuma mtu. Nimejiuliza miaka mingi mimi nilimfanyia nini, na jibu linaniudhi kwa udogo wake: sikumfukuza, sikumtukana. Kwenye foleni ya feri watu walipolisema neno lile, nilicheka.

Kwa hiyo ukinieleza kicheko cha umati wako, nakijua kinavyosikika ukiwa ndani yake.

Wanachonunua kwako

Hebu tuijadili ile bahasha. Wewe unadhani wanakulipa uchekeshe. Vichekesho wangevipata kwa elfu tano. Wanachokodi ni ulimi, ili wa mkubwa ubaki mkavu. Ona mpangilio wa siku yenyewe: wewe unaanza, unamwaga uchafu, watu wanapata moto, yeye anawasili saa moja baadaye, anasalimia kwa lugha tatu na kusema Wakenya ni wamoja. Klipu yako ikileta balaa, atasema hamjui kijana yule. Wala hatakuwa amedanganya sana, maana jina lako hajawahi kuliuliza.

Na tusi lenyewe lina kazi gani? Halimwongoi mpiga kura wa upande wa pili hata mmoja. Hukusanya wa kwenu kwa woga, wakae kama mifugo iliyosikia fisi, wasiulize bei ya unga wala ahadi za safari iliyopita zimeishia wapi. Woga huu una wachuuzi wake wakubwa. Mwaka 2018 wakuu wa kampuni ya Cambridge Analytica ya Uingereza walinaswa na kamera ya siri ya televisheni wakijigamba jinsi walivyoendesha kampeni za urais hapa kwetu, 2013 na 2017, na jinsi kampeni inavyojengwa juu ya matumaini na hofu za watu.

Cha ajabu, hata kwa hesabu kavu biashara hii ni mbovu. Katiba ya 2010 inamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo ya kura katika kaunti 24 kati ya 47. Hakuna kabila linalofika huko peke yake. Mwaka 2022 mshindi alipata asilimia 50.49, kati yake na wa pili mlikuwa na kura kama 233,000 tu, katika nchi iliyopiga zaidi ya milioni 14. Unaowatukana Nakuru wana shangazi Mombasa na wajomba Kitale, na simu wanazo wote. Mratibu hajali hilo, kwa sababu yeye halipwi kwa kura. Hulipwa kwa picha ya umati.

Nawe unajua wakubwa huishia wapi. Machi 2018, mahasimu wa uchaguzi wa 2017 walisimama kwenye ngazi za Harambee House wakapeana mikono, wakaitana ndugu. Aliyemzika mwanawe kwa vurugu za mwaka ule hakuitwa kwenye picha.

Sheria nayo

Hapa nitakuwa mfupi. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 13, inaadhibu maneno ya kuchochea chuki ya kikabila: faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Na haiulizi tu ulikusudia nini. Inauliza pia maneno yale, mahali pale, yangeweza kuzaa nini. Gawanya milioni moja kwa 15,000 yako: ni mikutano zaidi ya 66. Januari 2022 seneta alikamatwa kwa kusema madoadoa kwenye mkutano wa kampeni Eldoret, na Aprili Tume ya Uwiano ikaliweka neno hilo kwenye orodha yake ya maneno ya chuki. Seneta ana mawakili. Wewe una kibanda cha simu, na unajua kuliko mimi ni simu ngapi hurekodi kwenye mkutano mmoja.

Njia ulizonazo

Kuendelea, hapana. Sitalizungusha hilo.

Kupunguza makali, nako hapana, ingawa najua ndilo jibu ulilolitamani. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mratibu aliyeanza kwa "kidogo" sasa anataka moto. Ukimpa vuguvugu, wiki ijayo atakuomba uchemshe, na wewe utakuwa umeshajizoeza.

Utasema: nikiacha, watamweka mwingine. Watamweka. Huyo mwingine atakuwa na mdomo wake na fundi viatu wake.

Kinachobaki ni kazi yenyewe, bila ule uchafu. Mwandikie mratibu ujumbe, uandike, usimpigie, ili neno libaki. Mwambie utauchangamsha umati kwa nyimbo, kwa bei ya sukari, kwa barabara zilizozinduliwa mara tatu bila lami, na kwa rekodi ya mpinzani wenu neno kwa neno. Kabila la mtu, jando lake na dini yake hutavigusa. Wala sikuombi uwe mpole. Mpinzani akiwa ameiba, sema ameiba kama ushahidi unao, na useme kwa sauti. Kipimo changu ni hiki: kabla ya kutamka, mfikirie fundi viatu amesimama safu ya mbele. Hagombei kiti chochote. Neno lako likimgonga yeye, basi limepotea njia, au limefika hasa lilikotumwa.

Mratibu akikubali, fanya kazi. Akikataa, utakuwa umejua walichokuwa wakinunua, na bahasha ya Jumamosi usiipokee hata kwa ahadi ya "tutaongea". Karo ni mzigo wa kweli, siudharau. Nenda shuleni mwenyewe kabla hawajamtuma mtoto nyumbani, uombe kulipa kwa awamu. Desemba inakuja na harusi zake, na kwenye harusi za Nakuru bwana na bibi mara nyingi hawatoki kijiji kimoja. Ni nani kati yao atakayemkodi MC wa klipu ile?

Fundi viatu

Hili la mwisho lisingoje jibu la mratibu. Usimwambie "kama nilikukosea". Ulimkosea. Usimwambie ilikuwa kazi tu. Yeye pia ana kazi, na haijamlazimu akutukane. Sema ulichokisema, sema kilikuwa kibaya, omba radhi, nyamaza. Kama wenye vibanda vingine waliisikia ile klipu, nao na waisikie radhi. Jukwaani usijaribu; umati wenye moto hauombwi radhi, na mimi nakutaka mzima.

Huenda asikujibu. Miaka sita mmekunywa chai pamoja, na katika barua yako yote sioni mahali ulipowahi kumuuliza Januari 2008 ilimkuta wapi. Usimuulize sasa, huna haki hiyo bado. Akitaka atakuambia. Wewe msalimie kila asubuhi, aitikie asiitikie.

Nenda kesho, mapema, kabla wateja hawajaanza kufika. Na ubebe chupa yako ya chai, maana ile mliyoimaliza miaka yote hiyo, umeniandikia mwenyewe, ilikuwa yake.