Mimea ya Kudumu kwa Bustani ya Nyumbani: Ichaguliwe Mwezi wa Oktoba

Somo hili limeandikwa kwa wenye nyumba wa Mpanda, Mpimbwe, Karema na vijiji vingine vya Mkoa wa Katavi, wanaotaka kupanda karibu na nyumba zao miti ya matunda na mimea mingine ikaayo miaka mingi. Mimea hiyo twaiita mimea ya kudumu, kwa kuwa haipandwi upya kila mwaka kama mahindi na karanga.

Mkulima akichagua vibaya mbegu ya mahindi, atapata hasara ya mwaka mmoja, na mwaka wa pili atajirekebisha. Lakini akichagua vibaya mti, atautunza miaka minne au mitano kabla ya kujua kwamba haumfai. Kwa hiyo yampasa kufikiri sana kabla ya kushika jembe.

1. Wakati wa kuchagua

Katika nchi yetu mvua huanza mwezi wa Novemba na kukoma Aprili. Tangu Mei hata Oktoba ardhi hukauka. Watu wengi huchagua miche mwezi wa Januari, wakati kila mmea ni wa kijani na kila udongo ni laini. Huo ni wakati wa kudanganyika, maana mwezi wa Januari haujaribu mti wo wote.

Mwezi wa Oktoba ndio unaojaribu. Tazameni Mto Katuma: wakati wa masika hufurika mbugani, lakini mwishoni mwa kiangazi hupungua hata viboko husongamana katika vidimbwi vilivyobaki. Ikiwa mto wapungukiwa hivyo, mche mdogo nyuma ya nyumba utapata wapi maji?

Basi mwezi wa Septemba au Oktoba, kabla mvua haijaja, tembea katika kijiji chako uangalie mambo manne. Kwanza, ni miti gani iliyobaki na majani mabichi bila kumwagiliwa? Pili, kisima unachokitegemea kimebaki na maji kiasi gani? Tatu, mchwa wako wapi? Nne, moto wa nyika hufika upande gani? Ukiisha kuyajua hayo, umekwisha kujifunza nusu ya somo hili.

2. Hesabu ya maji

Mti mchanga wa matunda, katika kiangazi chake cha kwanza, wahitaji kama debe moja la maji kila juma, yaani lita 20. Tangu mwanzo wa Mei hata mwisho wa Oktoba ni majuma 26. Mtu aliyepanda miti kumi atahitaji madebe 260 kabla mvua haijarudi.

Na ni nani atakayeyachota? Katika nyumba nyingi ni mama na binti zake, ambao tayari huchota maji ya kupikia, ya kunywa na ya kufulia, pengine kwa mwendo mrefu. Kwa hiyo mwenye nyumba asinunue miche kabla ya kushauriana na mkewe juu ya maji, wala wavulana wasiachwe nje ya kazi hiyo. Miti mitatu iliyo hai ina faida kuliko miti kumi iliyokauka. Hesabu ya madebe ndiyo iamue idadi ya miti.

3. Mimea ifaayo

*Mwembe.* Huu ni wa kwanza katika nchi yetu, kwa sababu mizizi yake hushuka chini sana, na ukiisha kushika ardhi hauombi maji tena. Ni mti wa siku nyingi katika nchi za magharibi: husimuliwa kwamba Stanley alipokutana na Livingstone huko Ujiji mwaka 1871, walikuwa chini ya mwembe. Matunda yake huiva mvua zikianza, wakati ghala nyingi zimepungua na mahindi mapya bado shambani. Mwembe uliotoka katika kokwa huchelewa kuzaa. Uliobebeshwa huweza kuanza mwaka wa tatu au wa nne. Uwe mbali na nyumba futi 30.

*Mpapai.* Huzaa kabla ya mwaka kwisha au karibu na hapo, lakini hauishi sana. Panda miche mitatu katika shimo moja, kwa kuwa miche midogo haijulikani dume wala jike. Ikitoa maua utaitambua: maua ya dume huning'inia katika vikonyo virefu, na ya jike hukaa karibu na shina. Acha jike moja katika kila shimo, na dume moja kwa majike kumi. Usiupande penye maji yatuamayo, maana mizizi yake huoza upesi.

*Mgomba.* Wapenda maji mengi, basi uwekwe mahali maji ya kuogea na kuoshea vyombo yanapomwagwa. Chagua chipukizi lenye shina nene na majani membamba kama upanga. Chipukizi lenye majani mapana huwa dhaifu. Shina moja lisiwe na migomba zaidi ya mitatu: mmoja mkubwa, mmoja wa kati na mmoja mdogo.

*Mlimau na mpera.* Hii yastahimili kiangazi kuliko michungwa. Mlimau mmoja watosha nyumba moja.

*Mnanasi.* Wafaa katika udongo wetu wa kichanga, nao hutumia maji kidogo. Hukawia mwaka mmoja na nusu hata miaka miwili kuzaa, kisha hutoa machipukizi ya kupandwa tena.

*Mbaazi.* Hupandwa kwa mbegu, hukaa zaidi ya mwaka mmoja, na hubaki kijani mimea mingine ikikauka. Mizizi yake hurutubisha udongo, na mbegu zake ni chakula cha kujenga mwili.

*Mparachichi.* Wengi huutamani kwa bei yake. Lakini wapenda baridi na unyevu wa nchi za juu, kama Njombe na Mbeya. Katika mabonde yetu yenye joto asiupande ila mtu mwenye kisima kisichokauka na udongo usiotuamisha maji.

Akina mama wakumbuke kwamba maembe mabivu na mapapai, yenye nyama ya rangi ya manjano, husaidia macho na afya ya watoto.

4. Mche mzuri

Usichague mche kwa urefu wake. Mche mrefu uliokaa mno katika kiriba huwa na mizizi iliyojizungusha, nao haukui vema. Chagua wenye shina nene lililonyooka na majani yasiyo na madoa. Kama umebebeshwa, tafuta kovu mahali pa kuungia. Usipoliona, usilipe bei ya mche uliobebeshwa.

5. Shimo na kupanda

Chimba shimo mapema mwezi wa Oktoba, upana futi 2 na kina futi 2. Udongo wa juu uweke upande mmoja, na wa chini upande mwingine. Changanya udongo wa juu na madebe mawili ya samadi iliyooza, ulijaze shimo, kisha uweke kijiti cha alama katikati.

Usipande kwa mvua ya kwanza, maana mara nyingi hukatika. Ngoja hata udongo uwe umelowa kina cha futi 1. Pima kwa jembe. Wala usichelewe hata Februari, kwa kuwa mche unahitaji miezi ya mvua ili mizizi yake ishuke kabla ya Mei. Ondoa kiriba bila kuuvunja udongo wake, na kovu la kuungia libaki juu ya ardhi.

6. Adui za mimea

Mvua zikiisha, tandika nyasi kavu kuzunguka mti ili unyevu usipotee, lakini nyasi zisiguse shina, maana mchwa hupanda kwa njia hiyo. Mbuzi wazuiwe kwa boma la miti au la manyara. Utomvu wa manyara ni hatari kwa macho, basi watoto wasiuchezee. Mwezi wa Mei safisha njia ya futi 10 kuzunguka bustani, ili moto wa nyika usipite. Walio jirani na Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, wakumbuke kwamba tembo hupenda ndizi na maembe. Matunda yavunwe mara yakomaapo.

7. Mfano wa bustani ya nyumba moja

Miembe miwili, mlimau mmoja, mashimo manne ya mipapai, mashina matatu ya migomba kwenye maji ya kuogea, minanasi ishirini, na mstari wa mbaazi mpakani. Miembe na mlimau vitahitaji madebe matatu kwa juma, na mipapai madebe manne. Jumla ni madebe saba, yaani debe moja kila siku. Nyumba isiyoweza debe hilo ipunguze mipapai.

Maswali ya kujibiwa nyumbani

1. Ni miti gani ya kijiji chako iliyo na majani mabichi mwezi huu wa Oktoba?
2. Nyumba yako yaweza kutoa madebe mangapi kwa juma, na nani atayachota?
3. Maji ya kuogea humwagwa wapi, na je, pana mgomba mahali hapo?
4. Shimo lako la kwanza litachimbwa siku gani?