Kabla Hujanunua Waya Ghali wa Umeme kwa Muziki wa Nyumbani

Waya wa umeme wa amplifaya hausafirishi muziki. Unapeleka umeme wa volti 230 hivi, ambao ukiingia ndani unapunguzwa, unageuzwa na kuhifadhiwa kwenye kapasita kabla sauti haijatengenezwa. Kwa hiyo waya mzima, wenye unene wa kutosha, hauna cha kuboreshewa. Pesa ya waya ghali ni afadhali iende kwenye spika.

Anza na ukaguzi. Zima vyombo, chomoa plagi, kisha pitisha mkono kwenye waya wote ukitafuta palipochubuka. Baada ya muziki wa saa nzima, gusa plagi: ikiwa ya moto, soketi imelegea au waya ni mwembamba. Hapo badilisha, tena upesi, maana nyumba huungua hivyo. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 kutoka duka la vifaa vya umeme unatosha. Kwa urefu wa mita 1.5, mkondo wa ampea 1 unapoteza takriban volti 0.04 tu. Jioni majirani wakiwasha pasi na majiko, umeme wa mtaani unapanda na kushuka kwa volti kadhaa.

Pili, sikiliza mvumo bila kupiga muziki. Ukiusikia, chomoa waya wa antena au wa dishi kwenye king'amuzi kilichounganishwa na amplifaya. Mvumo ukikoma, tatizo ni mzunguko wa waya wa ethi. Weka kitenganishi kwenye waya huo wa antena. Usikate ethi kamwe ili kunyamazisha mvumo: chombo kikivuja umeme, atakayekigusa anaweza kufa. Kama soketi zenyewe hazina ethi, mwite fundi umeme. Hiyo ndiyo gharama ninayoitetea bila kusita.

Angalia pia fyuzi ya plagi ya miguu mitatu. Fuata kiwango alichoandika mtengenezaji, na usiweke kipande cha waya badala yake.

Ikiwa bado rafiki anasisitiza kwamba waya wake wa bei mbaya unabadilisha sauti, uazime. Mtu mwingine arushe sarafu kuamua waya upi utumike, azime amplifaya, achomoe na kuchomeka kila mara hata asipobadilisha, nawe usione. Tumia wimbo uleule, kitufe cha sauti kisiguswe. Rudieni mara 10, naye aandike majibu yako. Mtu anayebahatisha hupata 9 au zaidi takriban mara 1 katika 100, kwa hiyo ukipata 5 au 6 hujasikia tofauti. Ukijua waya upi umechomekwa, bei yake itakusemea masikioni. Ndiyo maana jaribio la macho wazi halifai.

Rudisha waya wa watu, kisha sogeza spika mbali kidogo na ukuta na usikilize besi tena.