Jua Udongo Wako Kabla ya Kujenga, Kuchimba Choo au Kupanda

Boma nyingi za Navakholo hutumia shamba moja kwa kila kitu: nyumba, choo, kisima, jikoni, mboga, mahindi na miwa. Ardhi inapogawanywa kwa watoto, nafasi huzidi kupungua, na choo husogea karibu na kisima. Ndiyo maana ni muhimu kwa kila mkazi kuujua udongo ulio chini ya miguu yake.

Udongo wa aina mbili

Sehemu za juu zina udongo mwekundu au wa kahawia, wenye kina kirefu na unaopitisha maji vizuri. Mahali pengine, chini yake hupatikana tabaka gumu la maram. Kadiri mtu anavyoteremka kuelekea vijito na Mto Nzoia, udongo hugeuka kuwa mweusi au wa kijivu. Huu hushika maji wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi.

Kipimo rahisi ni cha mkono. Chukua udongo kidogo, uulowanishe, kisha uufinyange uwe kama utepe kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukikatika mapema, una mchanga mwingi. Ukirefuka bila kukatika, ni mfinyanzi.

Kujenga

Udongo mweusi wa mfinyanzi hufura ukinywa maji na kusinyaa ukikauka. Nyumba iliyosimama juu yake huinuliwa na kushushwa kila msimu, hadi kuta zinapasuka kwenye pembe za milango na madirisha. Kuongeza simiti kwenye plasta hakutibu ugonjwa huo, kwa sababu tatizo liko kwenye msingi. Fundi anapaswa kuuondoa udongo huo mpaka afike kwenye ardhi imara, kisha ajaze mawe na maram iliyoshindiliwa. Kama tabaka hilo ni nene sana, ni heri kusogeza nyumba juu zaidi kwenye mteremko.

Udongo mwekundu hubeba nyumba vizuri zaidi, na hufaa kwa matofali. Adui wake ni maji ya paa yanayodondoka kando ya ukuta na kuula msingi. Mifereji ya paa na mtaro wa kupeleka maji mbali ni gharama ndogo kuliko kujenga upya. Kichuguu nacho kiondolewe kabisa kabla ya kujenga juu yake, kwani mchwa huacha mashimo ndani ya ardhi.

Choo na maji taka

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Udongo mkavu huchuja vijidudu maji taka yanapopita polepole. Maji ya ardhini yakifika kwenye shimo la choo, uchujaji huo hukoma, na vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara husafiri hadi kisimani au kwenye chemchemi.

Kwa hiyo choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na kiwe upande wa chini wa mteremko. Kitako cha shimo kibaki juu ya maji ya ardhini kwa mita 1.5 au zaidi. Kipimo hiki kifanywe wakati wa mvua nyingi, maji yakiwa juu, kwa kuwa shimo lililo kavu mwezi wa Januari huweza kujaa maji mwezi wa Mei. Penye maji karibu, choo kiinuliwe juu ya ardhi. Penye udongo wa kichanga, shimo lijengewe kwa matofali lisiporomoke.

Anayetaka tangi la maji taka apime kwanza kama ardhi inanyonya. Achimbe shimo dogo hadi kina kitakachotumika, alijaze maji jioni, na asubuhi aongeze maji na kupima. Maji yakichukua zaidi ya saa moja kushuka sentimita 2.5, shimo la kunyonya halitafanya kazi hapo. Maji machafu yatatokea juu ya uwanja ambapo watoto hucheza. Kabla ya kuchimba, ni vyema kumwona afisa wa afya ya umma wa eneo.

Shamba na bustani

Mvua nyingi za Kakamega huosha kalsiamu na magnesiamu, na udongo mwekundu hubaki na asidi. Matumizi ya DAP mwaka baada ya mwaka huongeza asidi hiyo. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, fosforasi hushikwa na udongo, na mahindi hubaki na rangi ya zambarau hata baada ya kutiwa mbolea. Mkulima hulipa mbolea ambayo mmea hauipati. Kayongo nalo hustawi mahali udongo umechoka.

Dawa ni chokaa ya kilimo, samadi na kubadilisha mahindi na maharagwe au njugu. Chokaa ichanganywe na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, na kiasi chake kitokane na kipimo, si kukisia.

Ili kupima, mkulima achukue udongo wa kina cha sentimita 20 kutoka sehemu 10 hadi 15 za shamba, mbali na zizi, jivu na vichuguu. Auchanganye, aukaushe kivulini na kupeleka nusu kilo kwenye maabara. Afisa wa kilimo wa wadi ataelekeza mahali pa kupeleka.

Msimu wa mvua za masika huanza Machi. Anayepima mapema hupata nafasi ya kuweka chokaa kabla ya mbegu, na ya kuhamisha choo kwenye mchoro kabla hakijachimbwa.