SOMO LA AFYA: Joto la Phoenix, jiji la jangwani



Jamaa zetu wengi kutoka makambini walihamishiwa Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani. Kama una ndugu huko, au nawe unangoja safari, somo hili linakuhusu. Joto la huko linaua. Mwaka 2023, katika wilaya ya Maricopa ambamo jiji hilo limo, vifo 645 vilithibitishwa kuwa vilitokana na joto.

Dada yangu alifika huko usiku mmoja wa Julai. Aliposhuka kwenye ndege alidhani joto linatoka kwenye injini. Alipotoka nje ya uwanja, joto likawa lile lile!

1. Majira yakoje?

Juni ni mwezi mkavu na wa jua kali. Joto hupita nyuzi 40 za sentigredi. Wao hupima kwa Farenhaiti, kwa hiyo ukisikia 110 ujue ni kama 43 zetu. Mwaka 2023 joto lilifika kiwango hicho au zaidi kwa siku 31 mfululizo. Usiku nao haupoi sana, kwa sababu lami na majengo hutoa joto vilivyolimeza mchana.

Julai hadi Septemba upepo hugeuka na kuleta unyevu kutoka baharini. Hapo huja radi, mvua za ghafla na tufani za vumbi zinazoitwa habubu. Mvua hiyo haimalizi joto.

Desemba hadi Februari mchana ni mzuri, karibu nyuzi 20, lakini alfajiri kuna baridi. Mtoto anahitaji sweta na blanketi. Usitupe koti lako kwa kuwa umeambiwa unakwenda jangwani!

2. Kwa nini joto hilo linadanganya?

Hewa ni kavu, kwa hiyo jasho hukauka kabla hujaliona. Mtu husema "sitoki jasho, niko salama," kumbe mwili unaishiwa maji.

3. Ufanye nini?

- Kunywa maji mara kwa mara, usingoje kiu. Tembea na chupa.
- Kazi za nje na matembezi, fanya alfajiri.
- Usizime kiyoyozi wakati wa joto kali kwa kuogopa bili. Feni peke yake haitoshi. Kikiharibika, mwarifu mwenye nyumba na uende maktaba au kituo cha kupozea joto.
- Usimwache mtoto ndani ya gari hata dakika moja.
- Usitembee peku. Lami huunguza ngozi.
- Maji yakifunika barabara, rudi. Usivuke kwa mguu wala kwa gari.
- Tufani la vumbi likija, ingia ndani. Ukiwa garini, toka kabisa barabarani, simama na uzime taa.

4. Dalili za hatari

Kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na misuli kukaza: mpeleke mgonjwa kivulini, mpe maji kidogo kidogo. Akichanganyikiwa, mwili ukiwa wa moto sana au akizimia, piga 911 mara moja. Mlowanishe maji ya baridi na umpepee. Aliyezimia asinyweshwe kitu.

Pia kuna homa ya bonde, inayoletwa na kuvu wa kwenye udongo na kuvutwa pamoja na vumbi. Huleta kikohozi, homa na uchovu wa wiki nyingi, hata ikafanana na kifua kikuu. Haiambukizi kutoka mtu hadi mtu. Mwambie daktari unaishi Arizona, apime.

5. Maswali ya kujikumbusha

a) Kwa nini mtu asiyeonekana kutoka jasho anaweza kuwa hatarini?
b) Utafanya nini mgonjwa wa joto akianza kuchanganyikiwa?
c) Nani katika familia yako ni mzee, mjamzito au mtoto mchanga? Hao ndio wa kuangaliwa kwanza.

Ukiongea na jamaa yako kwa simu, msomee somo hili. Mtu mgeni huona aibu kuuliza, na aibu isimpotezee maisha.

Mhudumu wako wa afya wa jamii