Furaha Katika Kumtunza Mwenzi Mwenye Ugonjwa wa Kusahau



Somo la robo hii linamhusu mtu ambaye ni nadra kuonekana katika taarifa zetu: mke anayemuuguza mumewe, au mume anayemuuguza mkewe, mwenye ugonjwa wa kusahau, yaani demensia. Mgonjwa hutembelewa na kuombewa. Anayemtunza huulizwa tu, "Mzee anaendeleaje?"

Kwanza tuelewe jambo lenyewe. Demensia si uchawi wala laana, na si sehemu ya kawaida ya uzee. Ni ubongo unaoharibika polepole, na mara nyingi chanzo ni ugonjwa wa Alzheimer. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wenye hali hii ni zaidi ya milioni 55. Hapa kwetu, utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta watu zaidi ya 6 katika kila 100 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Hebu wahesabuni wazee wa parokia yenu.

Je, katika hali hiyo furaha inawezekana? Inawezekana, lakini tusiihubiri mapema. Mama ambaye mumewe huamka saa nane usiku akitafuta viatu aende kazini, kazi aliyostaafu zamani, hahitaji mahubiri ya furaha. Anahitaji usingizi. Mtu akija kukaa na mzee mchana mmoja tu, mama akalala, ndipo tunaweza kuzungumza naye habari za furaha.

Na furaha yenyewe ina njia zake. Mambo ya jana hufutika kwanza, ya ujana hudumu. Bibi aliyesahau majina ya wajukuu anaweza kuimba beti zote za wimbo aliofundishwa utotoni. Tena hisia hubaki hata baada ya tukio kusahaulika: mgonjwa hakumbuki kwamba mliimba pamoja, ila jioni yake huwa tulivu. Vivyo hivyo akigombezwa, husahau maneno na kubaki na uchungu. Kwa hiyo mzee akimwulizia mama yake aliyefariki siku nyingi, kumwambia kila mara "Alishakufa" ni kumfiwisha upya. Afadhali kusema, "Hebu niambie, mama alikuwa anapika nini?" Wengine huona huko ni kudanganya. Sisi tunaona ni kumfuata mpendwa mahali alipo.

Mfano mmoja unagusa sana. Sandra Day O'Connor, mwanamke wa kwanza kuwa jaji katika Mahakama ya Juu ya Marekani, aliacha kazi mwaka 2006 amtunze mumewe, John, mwenye Alzheimer. Baadaye John akiwa katika nyumba ya kutunzia wagonjwa alimpenda mama mwingine, mgonjwa mwenzake. Mwaka 2007 mtoto wao alieleza hadharani kwamba mama yake hakulalamika, bali alifurahi kumwona mumewe ametulia. Si wengi wetu tungeweza, na hakuna anayepaswa kulazimishwa kuweza. Lakini tazameni furaha ya namna hiyo: haikungoja kukumbukwa.

Kwa wafadhili tunaongeza neno moja. Huko huko Hai ilijaribiwa tiba ya vikundi, vipindi 14, viwili kila wiki, kwa nyimbo, michezo na mazungumzo, hata kwa wasiojua kusoma. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalitia moyo: uwezo wa kufikiri uliongezeka na wasiwasi ukapungua. Ugonjwa hauponi kwa tiba hiyo. Lakini haihitaji mashine wala jengo jipya. Inahitaji ukumbi, viti, mtu aliyefundishwa na chai.

Kwa mjadala wa kamati: Ni nani katika jumuiya zetu anamtunza mwenzi wake peke yake, na mara ya mwisho alitoka nyumbani lini? Nani anaweza kukaa na mgonjwa siku ya Jumamosi, ili anayemtunza aende sokoni au asalie kitandani? Je, ukumbi wetu unakuwa wazi siku gani mbili za juma?