Swichi Janja Katika Nyumba ya Zamani: Waya wa Ethi Si Nyutro



Malalamiko kuhusu swichi janja yamezidi kuletwa ofisini kwetu, na mengi yanafanana. Mwenye nyumba ananunua swichi za kuwashia taa kwa simu, anamwita fundi wa mtaani, kazi inaisha jioni hiyo hiyo na taa zinawaka vizuri. Baada ya wiki kadhaa mama akishika mlango wa jokofu anahisi umeme ukimchonyota vidoleni, au bomba la kuogea linapiga shoti. Fundi akipigiwa simu anasema umeme wa mtaani unasumbua. Si kweli. Kosa analo yeye, na liko ndani ya ukuta.

Ofisi hii haipingi vifaa hivi. Nunueni, furahieni. Lakini jambo moja tumelisema kwenye mikutano ya mitaa na tutalisema tena humu mpaka lisikike: waya wa ethi si nyutro.

Kinachofanyika ndani ya ukuta

Swichi ya kawaida hukata na kuunganisha waya wa moto tu. Yenyewe haili umeme. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za zamani mafundi waliishia na nyutro juu darini, kwenye taa, wakashusha waya mbili tu hadi kwenye swichi: mmoja unaleta moto, wa pili unaupandisha kwenye taa. Walifanya sawasawa.

Swichi janja ina redio ndogo inayosikiliza Wi-Fi usiku na mchana, hata taa ikiwa imezimwa. Redio hiyo inataka umeme muda wote, kwa hiyo swichi nyingi za aina hii zinataka nyutro. Fundi anafungua boksi, nyutro haoni. Anachokiona ni waya wa kijani, au wa kijani na njano, umekazwa kwa skrubu kwenye boksi la chuma: huo ndio ethi. Anaufungua, anauingiza kwenye tundu lenye herufi N. Swichi inawaka, simu inaiona, mwenye nyumba analipa.

Hatari yake ni kwamba inafanya kazi. Swichi moja iliyotulia hula kama nusu wati. Kwa umeme wa volti 230 hiyo ni takribani miliampia 2. Kile kifaa cha kukata umeme unaovuja, ambacho mafundi hukiita RCD, kwa kawaida nyumbani huwekwa cha miliampia 30, kwa hiyo hakishtuki. Msidhani kwamba kwa kuwa hakijakata mko salama. Ethi hiyo sasa inapitisha umeme kila dakika, na ndiyo hiyo hiyo iliyofungwa kwenye bati la jokofu, jiko, mashine ya kufulia na hita ya maji. Siku waya wake utakapokatika, au nondo yake ya ardhini itakapoliwa na kutu, umeme ule utabaki kwenye mabati ya vyombo. Na swichi ikiungua ndani, moto wote unaweza kuingia humo. Miliampia 10 hivi zinatosha kukaza mkono wa mtu asiweze kuachia alichoshika.

Zikifungwa swichi nyingi, RCD huanza kukatakata. Hapo hufuata kosa la pili, baya kuliko la kwanza: fundi anairuka RCD ili isisumbue. Fundi wa namna hiyo mtoeni nyumbani kwenu.

Wala msiamini rangi. Katika nyaya za zamani nyekundu ni moto na nyeusi ni nyutro. Katika nyaya mpya kahawia ni moto na bluu ni nyutro. Lakini ile nyeusi iliyoshuka kwenye swichi mara nyingi ndiyo inayopeleka moto kwenye taa. Testa ya mkononi haitoshi kuitambua. Fundi apime kwa mita.

Njia zilizo sahihi

Bora kuliko zote ni kushusha waya mpya wa nyutro kutoka darini, wa sakiti ile ile ya taa. Ukuta utachimbwa kidogo, vumilieni. Pili, kipo kifaa janja kidogo kinachofichwa juu kwenye taa yenyewe, ambako nyutro tayari ipo. Tatu, zipo swichi janja zilizotengenezwa kufanya kazi bila nyutro. Hizi hupitisha umeme kidogo kwenye taa, na balbu ndogo za LED huweza kumetameta hata zikizimwa, ndiyo maana nyingi huja na kapasita ya kufungwa sambamba na taa. Asiyetaka kugusa ukuta anunue balbu janja.

Hita ya maji na pampu msizifunge kwenye swichi hizi. Iliyoandikwa ampia 10 inabeba wati 2,300 tu, na hita nyingi za kuogea huzidi hapo.

Nani afanye kazi hii

Fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Madaraja yapo kadhaa na kila moja lina mipaka yake. Mwombeni awaonyeshe leseni kabla ya kazi. Mpangaji apate ridhaa ya mwenye nyumba.

Kama mmeshafunga

Zimeni meni swichi, kisha mwiteni fundi mwenye leseni. Msifungue wenyewe. Akifungua boksi simameni naye mtazame: hata asiye fundi anaweza kuona waya wa kijani umeingia kwenye tundu la N. Ukiwa humo, utolewe siku hiyo hiyo na urudishwe mahali pake, kisha ethi ya nyumba nzima ipimwe, na umeme ukirudishwa RCD ijaribiwe kwa kubonyeza kitufe chake cha T. Isipokata, umeme uzimwe tena mpaka ibadilishwe. Vipimo viandikwe kwenye karatasi yenye jina la fundi na namba ya leseni yake. Mkija kulalamika kwetu, njooni nayo.