Maji ya wageni siku ya mahafali

SWALI: Niko kwenye kamati ya mahafali ya kidato cha nne, Mugoma, Ngara. Tunatarajia wageni 400, na maji tunachota mtoni. Tuchemshe au tutie dawa? – Mwalimu

JIBU: Mwalimu, tieni dawa. Kwa lita moja na nusu kwa kila mgeni, mnahitaji lita 600, yaani ndoo 30 za lita 20. Kuchemsha kiasi hicho kutamaliza kuni za jiko la shule, na maji yaliyochemshwa huchafuka upya mtu akitumbukiza kikombe. Klorini huendelea kuyalinda ndani ya chombo.

Klorini haifanyi kazi vizuri kwenye maji yenye tope. Kwa hiyo chota jioni ya kuamkia sherehe, yaache yatuame usiku kucha, kisha yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Ndipo utie vidonge. Vya miligramu 67, kimoja hutosha ndoo ya lita 20. Soma pakiti, maana ukubwa hutofautiana. Koroga, funika, subiri dakika 30. Harufu hafifu ya klorini isiwatishe wageni.

Wekeni ndoo zenye bomba na mfuniko, na mwanafunzi mmoja asimamie kila ndoo.

Ninachokihofia zaidi ni juisi. Kamati nyingi hutibu maji ya kunywa, halafu wapishi wanakoroga juisi kwa maji ya dumu lililo karibu. Wapeni wapishi maji yaleyale, wakiwa wa kwanza kugawiwa.